Saa za Baba Mkwe

Karibu na Nyololo, njiani kwenda Mbeya, mume wangu alilala akiwa ameshika usukani. Hakufumba macho, angefumba ningejua mapema. Alikaa wima, mikono mahali pake, na gari likahamia kulia taratibu kama linalorudi njia yake. Kanada tunaendesha kulia. Kwa miaka kumi na moja mikono yake imezoea kulia, na akili ilipozima, mikono ikaenda ilikozoea. Lori lililokuwa linakuja likapiga honi ndefu. Nilivuta usukani kwa nguvu zangu zote, tukaishia kwenye changarawe pembeni ya barabara, vumbi limetuzunguka, na yeye ananiambia, "Nilikuwa nimeliona."

Mimi nina hasira za karibu. Nikamwambia kama alikuwa ameliona basi alitaka kuniua makusudi, na hilo aliandike kwenye karatasi ili ndugu zangu wasisumbuke kuuliza. Alishuka, akajimwagia maji ya chupa usoni, akarudi kwenye usukani. Nilimwomba tubadilishane, akakataa. Hakutaka baba yake aone mwanawe analetwa nyumbani na mkewe.

Ilikuwa siku ya nne tangu tushuke kwenye ndege Dar es Salaam na kukodi gari. Usiku mmoja tulilala Morogoro, mbili kwa mama yangu Iringa. "Tulilala" ni neno la heshima tu. Miili yetu ilikuwa bado Kanada: usiku macho makavu, asubuhi jua likitoka usingizi unatuangusha, tunaamka saa nane mchana tumevimba nyuso. Mama alifunga mlango wa chumba chetu, akawaambia majirani tunaumwa malaria. Kwa mama mtu unafichiwa aibu. Nilikuwa ninaogopa Mbeya, kwa baba mkwe, ambako hakuna wa kunifichia.

Safari yenyewe ilikuwa ndefu. Kutoka Mbeya tungevuka Tunduma, tushuke Zambia nzima, tuendelee hadi Afrika Kusini. Ilikuwa ndoto ya mume wangu tangu nimfahamu. Lakini Mbeya haikuwa kituo cha kupumzikia. Tulioana ughaibuni miaka minane iliyopita bila mzee hata mmoja kukaa kikao, na baba yake alisema sentensi moja kwenye simu: "Sijamwona huyo mtu." Tangu hapo mwanawe alimpigia kila Jumapili, na kila Jumapili mzee aliuliza mvua, kazi na afya. Mimi hakuniulizia.

Mimi ni Mhehe wa Iringa mjini. Kwetu baba mkwe unamsalimia, unampikia, unamwogopa kidogo, basi. Kwao, kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana haonani na baba wa mumewe. Hamtazami, hamgusi, hamtaji jina, na wakikutana njiani anajitupa shambani mzee apite. Siku hizi wengi wameachana na hayo. Baba mkwe wangu hajaachana nayo. Alituma neno kwamba tukae siku tatu kwake, siku ya tatu atapokea blanketi kutoka kwangu na kunipa mkono, na kuanzia hapo mimi ni mtoto wa nyumba ile. Nikikosea kabla ya siku hiyo, blanketi nitarudi nalo.

Nililitaka jambo hilo kuliko nilivyokuwa tayari kukiri. Miaka minane mtu unaishi kama mke wa kuokota.

Igawa tulisimama kula. Mume wangu alisukuma sahani ya wali, akasema bila kunitazama, "Kuhusu kazi yako, nilimwambia baba uko ofisini. Ofisi ya hospitali."

"Niko ofisini?"

"Unajua mambo ya kwetu. Nikisema mke wangu anaosha wazee wa watu…"

Kazi yangu ni kuosha wazee wa watu. Niko kwenye nyumba ya kulelea wazee. Nawaogesha, nawavalisha, nawainua wakianguka. Inalipa kodi ya nyumba, na ndiyo iliyolipa nusu ya tiketi zile. Nilitaka kumwambia hivyo, na mengine ya juu yake, lakini mama muuza wali alikuwa anatutazama. Nikala wali wake na wangu.

Uyole, pembeni mwa jiji la Mbeya, tulipokelewa na shangazi yake mume wangu, dada wa baba mkwe, mjane aliyekuwa akiishi pale na kuendesha nyumba yote. Alinipitisha mlango wa uani nikiwa nimejifunika kitenge kichwani hadi puani, akanikalisha jikoni, akanipa ratiba.

"Mwanangu, hapa kuna saa zake na saa zako. Alfajiri ile ya kwanza, kabla jua halijatoka, uani ni kwake. Anaenda bafuni, anaangalia ng'ombe wake. Wewe unabaki chumbani. Jua likitoka anakaa upande wa barabarani, uani ni kwako mpaka jioni. Na akitaka kupita anakohoa. Ukisikia kikohozi, potea."

Nilisema nimeelewa. Akaniambia mwacha mila ni mtumwa, nikasema ndiyo, shangazi.

Ratiba ile iliwafaa wakamwana wote waliowahi kupita pale, kwa sababu wote walilala usiku. Mimi saa zake ndizo nilizokuwa macho, na saa zangu ndizo nilizolala. Asubuhi ya kwanza shangazi alinisalimia kwa salamu yao, "Ugonile?", ambayo inauliza kama umelala, nami nikajibu ndiyo wakati sikuwa nimelala hata dakika moja. Nikashika jembe la kupalilia bustani ya mboga na usingizi ukanibeba nikiwa nimechutama. Aliniamsha saa saba mchana kwenye mkeka. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe nimekupa siku ya kwanza, ukalilalia." Nilisikia aibu hadi machozi. Kutoka upande wa pili wa nyumba nilisikia kikohozi, nikakimbilia chumbani.

Mume wangu alikuwa na dawa yake. Alinunua tembe za usingizi duka la dawa, akameza jioni ile akanigeuzia mgongo. Nilikaa kitandani nikihesabu mabati.

Alfajiri shangazi alitoka kwenda kwenye maombi kanisani, nilisikia geti. Baada ya muda mlango wa mzee ukalia, kikafuata kikohozi, kikafuata mlio wa ndoo. Nilikaa kimya kama nilivyoambiwa. Halafu nikasikia ndoo imeanguka, na kitu kizito nyuma yake, na kimya.

Sauti ile naijua. Hakuna kitu kingine kinachoanguka kama mtu mzima.

Nilimtikisa mume wangu. Nilimpiga kofi begani, akanung'unika Kiingereza, akavuta blanketi. Nje nikasikia kuguna kudogo, kwa mtu anayejizuia asisikike. Nilisimama na mkono kwenye komeo. Nilijua kabisa ninachokipoteza nikifungua. Kulikuwa na baridi ya Uyole ile inayouma meno, na maji ya kuogea kwenye ndoo ile yalikuwa ya moto, yangeweza kumuunguza. Nikajifunika kitenge, nikafungua.

Alikuwa amekaa kwenye simenti iliyolowa, mgongo kwangu, mguu mmoja umekunjwa chini ya mwingine, tochi imebingirika mbali. Shukrani kwa Mungu maji yalimwagikia upande mwingine. Alinisikia. Akageuza uso ukutani.

Nilipiga magoti nyuma yake, na mikono yangu ikafanya kazi yake kabla sijaikataza. Ilipapasa nyonga, kulia, kushoto. Ikashika goti, ikalinyoosha. Baba wa mume wangu, ambaye sikuruhusiwa kumtaja jina, nilikuwa nampapasa mapaja gizani kutafuta mfupa uliovunjika. Haukuwapo. Kifundo cha mkono tu kilikuwa kimeanza kuvimba. Niliburuta kwa mguu kigoda cha jikoni kilichokuwa hapo uani. Kazini tunafundishwa kumwinua mtu kwa nyuma, umemkumbatia kifua, uso wake mbele na wako begani, na nilimshukuru aliyebuni hivyo, kwa sababu hata angetaka asingeniona. "Moja, mbili, tatu," nilinong'ona kwa mazoea, naye akasukuma miguu kwenye tatu, kama mtu aliyefanya hivyo kila siku. Nikamkalisha. Nikaweka tochi karibu na mguu wake, nikarudi ndani, nikafunga komeo.

Nilikaa sakafuni nyuma ya mlango nikisikiliza. Hakuita mtu. Ilipita kama dakika tano. Halafu pale pale uani, taratibu na kwa sauti, alikohoa. Alikohoa kama mtu ndiyo kwanza anatokea kwenye kona na anamwonya mkamwana apishe.

Asubuhi mume wangu aliona mkono umevimba, akawaka. Alimfokea shangazi kwa nini alimwacha mzee peke yake. Nikiwa jikoni nilisikia mzee akijibu ukumbini, "Niliteleza. Nikainuka." Mwanawe akauliza aliinukaje na mkono ule. "Niliinuka," mzee akasema tena. Shangazi aliingia jikoni akinitazama miguu. Nilikuwa na tope la uani kwenye vidole. Akachota maji, akanimwagia miguuni, akaendelea kumenya ndizi. Siku ile nzima sikujua kama ananificha au ananisubiri.

Siku ya tatu waliitwa wazee wawili wa jirani. Mume wangu alishinda akitazama saa. Tulitakiwa kuwa Tunduma kesho yake. Niliingizwa ukumbini nimefunikwa, nimekumbatia blanketi, nimeangalia zulia. Nililiweka chini. Likabaki pale chini, na nikaanza kujiandaa kuliokota. Kisha nikaona mkono unakuja chini ya ukingo wa kitenge changu, umefungwa bandeji kwenye kifundo. Nikaupokea kwa mikono miwili, upande usiouma.

"Sasa nimemwona," baba mkwe alisema. Wazee wakapiga makofi, shangazi akafunua kitenge.

Uso wake ulikuwa wa mume wangu, umezeeka. Alinitazama sana. Watu walianza kuinuka kwenda kula, lakini yeye hakuuachia mkono.

"Hao wazee wa huko unaowainua," akaniuliza, "watoto wao wanakuwa wapi?"

Mume wangu alinigeukia. Alidhani nimemwambia mzee, kumbe mzee alijua kwa jinsi nilivyomwinua. Niliona anatafuta neno la ofisini, akaishia kutoa funguo za gari mfukoni.

"Wako mbali, baba," nikasema.

"Hawaji?"

"Wanapiga simu."

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Jumapili," akasema.

"Jumapili."

Mume wangu alikuwa ameinama, akigeuzageuza funguo mkononi, mpaka shangazi alipotuita chakula.