Farasi Aliyeachwa kwa Rafiki

Jumamosi iliyopita mvua ilitufungia sokoni Nyawera, mimi na vitenge vyangu, na binti yangu aliyekuja kunisalimia akanionyesha filme kwenye telefone yake. Anajua mama yake ni mgonjwa wa filme za miaka ya themanini, zile za wakati kasete ilikuwa nene kama kipande cha sabuni ya kufulia. Nikavaa miwani. Mtu mwenye kofia ya vumbi akatokea juu ya kilima, amepanda farasi mweupe mwenye doa jeusi shavuni. Nikamshika binti yangu mkono.

"Huyu farasi namujua," nikamwambia.

"Maman, hii filme ni ya zamani sana."

"Ya zamani ao apana, namujua. Najua mpaka kwenye alienda kukaa."

Tukaitazama yote, maana kwa mvua ile hakuna mteja ambaye angekuja kubishana nami. Mtu wa kofia akawashinda adui zake, akapanda farasi, akaenda zake, na majina ya waliocheza yakaanza kupanda kwenye kioo. Mimi nikangoja.

"Na India?" nikauliza.

"India gani, maman?"

Rafiki yangu, nilibaki nimekaa pale kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyokulia haikuwa na mlango. Ili unielewe, twende kwanza Bagira, mtaa wetu wa Bukavu.

Bagira ya utoto wangu ilikuwa nyumba zilizopangwa kwenye mteremko, kila moja na kashamba kake ka maharage nyuma, na harufu ya sambaza, dagaa wetu wa ziwani, zinazokaangwa ikipita kutoka jiko hadi jiko bila kuomba ruhusa. Jirani yetu alikuwa amekwenda Shabunda kutafuta dhahabu. Wengine walirudi na gari, wengine na malaria. Yeye alirudi na televizyo, mashine ya kasete na groupe ya kutoa umeme, na mke wake alichukua muda mrefu kumsamehe. Jumamosi mchana sebule yake iligeuka kuwa sinema. Mbao zilitandazwa juu ya kreti za bia, pazia likafungwa, groupe ikaanza kukohoa nje chini ya dirisha, na hakuna aliyelalamikia makelele yake kwa sababu maneno ya filme yenyewe hakuna aliyeyaelewa.

Mtoto aliingia kwa bidon moja ya maji kutoka bombani, maana nyumba ya jirani ilikuwa juu na mke wake alikuwa na watoto wa kuogesha. Nilijaribu kupunguza bei. Nikamletea bidon ndogo.

"Sawa," akaniambia, "utaangalia na jicho moja."

Nikarudi bombani. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu ya kwanza ya biashara, na mpaka leo sijaona profesa mkali kumshinda.

Kasete zenyewe hazikuwa nyingi, na makaratasi yake yalikuwa yamechanika, basi majina tulitoa sisi. Kulikuwa na Muzee wa Mifagio, mzee aliyepiga kijiji kizima kwa fagio lake bila kumwaga chai yake. Kulikuwa na Bibi-arusi wa Mvua, ambayo mama zetu walikuwa wanalia hata kabla haijaanza. Kulikuwa na ile ya askari ambaye risasi zake haziishi. Mimi nilizihesabu, nikarudia kuzihesabu, na bunduki ile ilikuwa inadanganya. Nakuambia bila aibu: watoto wa mjini walikuwa na sinema za viti vya kukunja, lakini hakuna aliyeziona filme kama tulivyoziona sisi. Wao walitazama. Sisi tulikuwa tunafanya kazi.

Kazi yangu ilikuwa hii. Mama hakutaka msichana aende kubanana na vijana mchana kutwa. Lakini nyumbani alikuwepo koko, mama yake baba yangu, ambaye macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu. Alikuwa haoni tena hata rangi ya kitenge chake. Yeye ndiye aliyekata maneno.

"Aende," akasema. "Lakini ile filme ailete hapa yote. Ikifika na matundu, Jumamosi ingine atabaki kupalilia."

Basi kila Jumamosi jioni, kabla jua halijazama, nilikaa mbele ya mbabula yetu, maharage kwenye ungo, makaa yakivuma chini ya sufuria, nikaanza kumpakulia koko filme huku vidole vyetu vikimenya. Usifikiri alikuwa msikilizaji mpole. Alikuwa mteja.

"Ule askari, risasi anabeba na nini?"

"Hana kifuko, koko."

"Rudia pale. Mutu hapigane na mikono mitupu siku muzima."

Nikajifunza kutazama vitu ambavyo wengine hawakuviona: nani alifunga mlango, chakula kilitoka wapi, mtoto aliachwa na nani. Hasa wanyama. Koko alikuwa binti wa mfugaji, na kwake mtu angeweza kufa katikati ya filme bila maelezo, lakini ng'ombe hapana. "Hakuna mutu anaachaka nyama njiani," alikuwa anasema, na nyama kwetu ni mnyama, awe wa kuliwa au wa kupandwa.

Ndipo ikaja kasete ya Mwenye Farasi. Mtu wa kofia alipanda kilima, akashuka kilima, akapigana, akafika kando ya mto. Hapo kioo kikajaa mistari, mlio ukapasuka, na mistari ilipoondoka tukaona mwanamke wa shela nyekundu anaimba kwenye ua wenye maua, na mwanaume wa mustashi anamtazama kutoka nyuma ya nguzo. Ilikuwa India. Sebule nzima ikamgeukia mwenye nyumba.

"Amesafiri," akasema. "Amefuga mustashi."

Na ikawa hivyo. Kwa nini tusiamini? Watu wa kwetu walikwenda Shabunda wakarudi wamebadilika kuliko vile. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba mtu fulani, huko kasete ilikotoka, alikuwa amerekodi nusu ya filme nyingine juu ya ile ya kwanza. Tulikaa mpaka wimbo wa mwisho, tukatoka tumeridhika.

Koko hakuridhika. Nilimpa yote, kilima, mto, shela, hata wimbo nikauimba. Alisimamisha vidole.

"Na farasi?"

"Farasi haikuonekana tena, koko."

"Haikuonekana. Mutu anaenda India kutafuta bibi, farasi anaiacha wapi?"

Na hiyo haikuwa Jumamosi ya kawaida. Tonton, mdogo wake baba, alikuwa anakuja Jumatatu kumchukua koko aende kukaa Walungu, kijijini, kwa shangazi yangu, na sote tulijua kwamba mzee wa umri ule akipanda gari na godoro lake harudi. Ilikuwa filme yangu ya mwisho kwake, na imefika na tundu kubwa kuliko zote.

"Mi siende Walungu," akasema, "na ile nyama imesimama mu mto."

Jumapili, tulipotoka misa, nikaenda kwa jirani na gauni langu la kanisani. Nikamwambia nataka kuona tena pale mtoni.

"Groupe inakunywa mafuta, mama."

"Nitajaza pipa."

"Pipa yote?"

"Yote. Lakini unirudishie pale mara mbili."

Akanitazama kama mtu anayeona mshindani wake amezaliwa. Nilijaza pipa, gauni likalowa mpaka magotini, na yeye akawasha mashine kwa ajili ya mtoto mmoja sebuleni. Safari hii sikumtazama mtu wa kofia usoni. Nilitazama mikono yake. Na pale, kabla tu ya mistari, akashuka, na rafiki yake mzee aliyekuwa naye toka mwanzo akasogea, na mtu wa kofia akamkabidhi kamba ya farasi. Nikaomba arudishe. Mara ya pili pia alimkabidhi.

Nilikimbia nyumbani.

"Koko, alimupatia rafiki yake kamba."

"Mu mukono?"

"Mu mukono."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Kulikuwa na wengine nyuma."

Koko akaegemea ukuta, na uso wake ukafunguka kama dirisha. "Njo vile," akasema. "Alimugabira."

Kama wewe si wa kwetu, nikuelezee. Mushi, yaani mtu wa kabila letu, anaweza kumkabidhi rafiki yake ng'ombe. Rafiki anamlisha, anakunywa maziwa, na siku ng'ombe atakapozaa, ndama anarudishiwa mwenyewe. Wakishafanya hivyo, wale wawili si marafiki tu tena, wamekuwa ndugu, hata mmoja akienda mbali namna gani. Mtu wa kofia hakutupa mnyama wake. Alikuwa ameacha undugu nyuma ya mgongo, akaenda India akiwa na moyo mwepesi.

"Ni dume ao jike?" koko akauliza.

"Jike," nikajibu haraka, kama ninavyojibu leo mteja akiuliza kama rangi ya kitenge itatoka.

Jumatatu akapanda gari la tonton, kitenge kimefungwa vizuri, na neno lake la mwisho kwa mama yangu lilikuwa kuhusu mimi. "Huyu mumuache aende kuangalia," alisema. "Anaangaliaka muzuri." Nimesifiwa mara nyingi tangu siku ile, mara nyingine na watu waliotaka kupunguziwa bei. Sifa ile bado sijaiuza.

Miaka ikapita, na tulipokwenda Walungu kwenye kilio cha koko, nilimkuta mama mmoja, jirani wa shangazi, amekaa uani mchana kweupe, anachambua mboga, watoto wamemzunguka. Alikuwa anasimulia filme yangu, aliyoipata kwa koko. Farasi alikuwa amezaa, akasema, na rafiki mzee, kwa kuwa ni mtu wa heshima, alivuka mto na mtoto wa farasi, akatembea mpaka India, akafika siku ya arusi, na ndiyo sababu yule mwanamke wa shela nyekundu alikuwa anaimba vile. Mimi nilisimama na sahani yangu ya bugali. Hata ule wimbo sasa ulikuwa na maana.

Yule mama akaniona. "Weye unatoka Bukavu," akasema. "Kule filme iliishaka namna gani?"

"Njo vile vile," nikamjibu.

Sebule ya jirani leo ni duka la dawa. Pazia hakuna, kreti hakuna, na groupe ile sijui ilikufia wapi. Filme zote ziko ndani ya telefone, zimekamilika, hazina tundu, na kila mtu anatazama yake peke yake na waya masikioni, wala hakuna anayengojewa nyumbani aulizwe farasi yuko wapi. Yote haya nilimwambia binti yangu pale Nyawera, na mvua ikawa imepungua bila sisi kujua. Hakucheka. Alichukua telefone, akairudisha filme nyuma kwa kidole, mpaka mtoni.

"Maman, angalia. Anamupatia kamba."

"Mbele ya watu?"

Akasogeza kioo karibu na macho yake. "Mbele ya watu."

Mtu wa kofia akainama kunawa uso. Nilikuwa nimeshaona yanayofuata: anajifuta, ananyoosha mkono, anaomba kamba yake.

"Simamisha hapo," nikamwambia.