Minne kwa Mitatu

Siku ile naikumbuka kuliko ya harusi yangu, mwanangu, na mke wangu asisome hapa. Nilitoka Kibomet kwenda Bungoma kununua kitambaa cha suti ya chuo. Barua ya kuitwa chuo kikuu hapa Kenya ilikuwa mfukoni: ualimu, miaka minne, kuripoti wiki ile ile. Lakini nilikuwa kama aliyekanyaga siafu. Nilikuwa nimesikia kwamba Uganda digrii hiyo ni miaka mitatu, na mimi kushusha bei nimezaliwa nako. Minne kwa mitatu? Nikaona nimepata.

Muuza vitambaa, Mzee Gurdev, Singasinga mzaliwa wa Bungoma, alinijua tangu nikinunuliwa sare za shule. Nikamweleza mpango wangu kwa majivuno. Hakunisifu. Akatandaza majora mawili mezani.

“Suti yako itatoka mita nne za hili, ama mita tatu za lile. Gani kubwa?”

“Si ni nne, Mzee?”

“Hujaangalia upana, bana. Hili la nne ni jembamba. Huko Uganda umeuliza wanaanzia wapi? Mtoto wa ndugu yangu alisoma India miaka mitatu. Akaenda Amerika kuendelea, akaambiwa aongeze mwaka. Nenda ripoti chuo chako. Leo sikukatii kitambaa.”

Nikaondoka nimenuna. Ati mzee wa duka anifundishe hesabu. Kesho yake nikavuka mpaka. Siku tatu nikazunguka ofisi hii na ile, nikiketi, nikisimama, nikiketi tena. Mwishowe karani mmoja, mama mtu mzima, akasoma cheti changu cha kidato cha nne. Akanieleza polepole kwamba kwao husoma kwanza kidato cha tano na cha sita, miaka miwili.

“Halafu ndiyo hiyo mitatu, mwanangu.”

Nikahesabu kwa vidole. Nikarudia. Mitano.

Nilirudi mbio, nikakuta nafasi yangu kapewa mwingine. Nikaomba upya, nikangoja mwaka mzima nikipalilia mahindi Endebess. Mmoja wa jembe, minne ya chuo: ile ile mitano. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lilipona, ila huchechemea nikipita mbele ya duka lile.

Barua ya pili ilipokuja nilirudi kwa Mzee Gurdev. Nikauliza, “Upana wake ni kiasi gani, Mzee?” Alichukua mkasi.

Nakuona na simu yako, mwanangu, hutulii: hapa minne, kule mitatu, kwingine shahada ya pili mwaka mmoja. Sikukatazi kwenda. Yale ambayo nchi moja hufundisha shuleni, nyingine huyafundisha chuoni. Ila kabla hujaiachia nafasi iliyo mkononi, uliza wanaanzia wapi, na ukimaliza, nyumbani wataitambua shahada yako? Uliza watu wawili wasiojuana.

Mungu akupe njia yenye urefu wa kukutosha, na mtu wa kukuzuilia mkasi.