Kompaila Iliyokula Betri ya Osmani

Jengo zima pale Cienfuegos, Kuba, halikuwa na tone la maji, na wote walimkodolea macho Yunaisy, fundi simu wa ghorofa ya pili. Nani alimtuma kubwata kwenye ngazi, "Pampu? Niachieni mimi"? Kidude cha kuiwasha na kuizima kilikuwa kimeungua. Yeye alikuwa na chipu ndogo mezani, akasema ataiandikia programu.

Tabu ni kwamba chipu ile ni tupu kabisa. Hakuna Windows, hakuna chochote chini yake. Inataka namba za lugha yake, na kompaila aliyonayo Yunaisy, ile programu ya kugeuza maandishi ya fundi kuwa namba, inatema namba za kompyuta tu. Ilibidi ajenge kompaila nyingine tangu mwanzo, kazi ya kuichemsha kompyuta masaa. Umeme nao ukakatika katikati, kama kawaida yake.

Yunaisy akamgeukia jirani yake. "Osmani, nipe betri ya pikipiki yako."

"Una wazimu? Leo naenda kujitambulisha kwa mama wa mchumba wangu Lisbet!"

Mama Digna wa ghorofa ya tano alikuwa anapita na ndoo, anahema. "Na hicho kikwapa, bila maji ya kuoga? Mama wa watu atazimia, mwanangu."

Osmani akajinusa. Akaenda kuchomoa betri.

Betri ikaunganishwa na inveta ya kuugeuza umeme wake ufae kompyuta, kompaila ikajengwa, ikaisha. Programu ikaingia kwenye chipu. Kimya. Hata kijitaa chake hakikuwaka.

"Umeninyonyea betri bure, mchawi wewe!"

"Hebu funga domo, nafikiri."

Akasoma upya, akajitukana. Kuna faili linaloiambia programu ikakae wapi kwenye kumbukumbu ya chipu. Yeye alikuwa amenakili la chipu nyingine, kwa uvivu tu. Programu ilitumwa kwenye nyumba ambayo haipo. Akarekebisha anwani, akaingiza tena. Kijitaa kikakonyeza.

"Na maji?" akauliza Mama Digna.

"Umeme ukirudi."

Matusi aliyopokea hapo hayaandikiki.

Jioni jengo lote likapiga yowe: umeme! Pampu ikanguruma. Bomba la Mama Digna likakohoa, likatema kutu, kisha maji. Osmani akaoga, akajimwagia manukato mpaka ngazi nzima ikapiga chafya. Akarudisha betri, akapanda pikipiki, akawasha. Wapi!

"Yunaisy! Nimeshachelewa!"

Yunaisy akachungulia dirishani, nywele zinachuruzika maji. "Sukuma, mpenzi. Ila taratibu, usitoke jasho."