Mashine Iliyokuwa Njiani

Jumamosi iliyopita nilikuwa jikoni kwa binti yangu, hapa Kensington, Johannesburg, nachambua sombe, majani ya muhogo. Mjukuu wangu alikuwa mezani na kazi ya shule. Huyu mtoto amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimuuliza kitu anajibu kwa Kiingereza, na mimi ananiita Gogo, kama watoto wa Kizulu wa jirani wanavyowaita bibi zao. Nimezoea.

Mwalimu wao alimpa kila mtoto nchi yake, aeleze watu wa nchi hiyo walibuni nini wakati wa vita vikubwa na miaka iliyofuata. Yeye alipata Kanada. Akawa ananionyesha picha kwenye simu: redio ya kubeba mkononi, askari walikuwa wanazungumza nayo kutoka mbali, kiti cha magurudumu chenye mota, kwa ajili ya wale waliorudi vitani miguu haina kazi tena. Nikamwambia hao ni watu wanaokumbuka watoto wao. Akateleza kidole mara nyingine, na mikono yangu ikasimama ndani ya majani.

Kichwa kikubwa cha chuma, kimening'inia juu ya kitanda chembamba. "Hii naijua," nikasema. "Niliiona kabla mama yako hajazaliwa."

Akacheka. Eish, Gogo, uliionea wapi?

Niliiona Likasi, kwetu Kongo, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, juu ya shuka jeupe lililofungwa kati ya milingoti miwili kwenye uwanja wa mpira. Majina ya watu wa kambi ile ninayo yote, mstari kwa mstari wa nyumba, hata ya mbwa. Sina haja ya kuyataja hapa. Mengi hayana tena wa kuyaitikia.

Sinema ilikuja jua likizama. Mama zetu walibeba vigoda, sisi watoto tulikaa chini kabisa, vumbi la uwanja bado lina joto la mchana, na harufu ya karanga za kukaanga ilitoka kila upande. Sauti ya sinema ilikuwa Kifaransa. Kwa hiyo kando ya shuka alisimama mkalimani wetu, kipaza sauti mkononi, anatugeuzia kwa Kiswahili. Tulimpenda yule bwana. Farasi akikimbia alikimbia naye, Mzungu akimbusu mke wake alituambia tufumbe macho. Nyumba yake ilitazamana na yetu, bomba la maji lilikuwa moja, na bukari ya mama, ugali wa kwetu, aliijua kuliko sisi.

Siku ile walionyesha kwanza askari wenye redio zile. Kesho yake kambi nzima watoto tulikuwa na makopo ya sardini yenye waya, tunaitana toka choo hadi choo. Halafu ikaja mashine. Mgonjwa amelala, kichwa cha chuma kinamshukia taratibu, anaamka anatabasamu. Mkalimani akapandisha sauti. Akasema ndani ya kichwa kile mna kobalti, jiwe lenu, jiwe wanalochimba waume zenu, na miale yake inaua uvimbe bila kisu. Akasema mashine kama ile inakuja hapa hapa, hospitali ya kambi, na itawatibu ninyi kwanza. Wanawake walipiga vigelegele mpaka sinema haikusikika. Baba alikuwa nyuma yangu. Hakupiga makofi. Nilidhani amechoka.

Mama alikuwa na uvimbe kwenye ziwa. Mtawa wa kliniki alikuwa ameushika, akamwambia aende hospitali kubwa ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, akakatwe mapema. Mama aliogopa kisu, lakini alikuwa ameshaanza kukunja vitenge vya safari. Baada ya sinema alivikunjua. Nikatwe ya nini, aliwaambia wenzake pale bombani, na mashine inakuja? Akarudi kuimba akisonga bukari.

Jioni moja alimuuliza mkalimani mwenyewe, amekaa kwetu anakula. "Shemeji, wewe uko karibu na Wazungu. Inakuja kweli?"

Alichovya tonge kwenye mawese, akameza. "Iko njiani, mama. Iko njiani."

Mpaka leo naona vidole vyake vinang'aa mafuta.

Mvua zilipoanza, baba alisogeza kitanda chini ya dirisha ili mama aone barabara. Lori likipita na makasha alinituma nikimbie kuangalia. Nilikimbia kila mara. Ilikuwa saruji, ilikuwa unga, siku moja ilikuwa beseni la kuogea la mke wa meneja. Nikirudi alikuwa ananitazama mdomo kabla sijafika mlangoni. Mvua zilikatika, naye tukamzika.

Watawa walinichukua niwasaidie kufua. Shule yangu ni ile, pamoja na madarasa machache ya asubuhi. Lakini maji ya sabuni yalinipa Kifaransa, kile cha kutumwa na kukemewa, kinatosha. Kiangazi kikarudi, na sinema ile ile ikarudi, shuka lile lile, karanga zile zile. Nikasikia. Sauti ilisema mashine ziko kule kwao Wazungu, katika hospitali za kule, kwa wagonjwa wa kule. Neno la kuja kwetu halikuwamo. Mkalimani akapandisha sauti pale pale alipopandisha mwanzo, na wanawake wakapiga vigelegele. Miongoni mwao kulikuwa na mmoja aliyeshika ziwa lake kwa kiganja, hivi.

Nilimngoja baba anawe. Maji yalikuwa yanamtoka meusi kwenye viwiko, vumbi la mgodi. Kifaransa yeye alikijua, alifanya kazi chini ya Wazungu tangu ujana. Nikamuuliza kama alisikia, ile siku ya kwanza.

Aliendelea kunawa muda. "Nilisikia," akasema. "Mama yako alikuwa ameanza kucheka tena."

Hatukulirudia neno hilo mpaka naye akafa.

Siku hizi kambi ile haipo. Waliofika huko majuzi wanasema uwanja umechimbwa mashimo, vijana wanatafuta kobalti kwa mikono, ya kutia ndani ya simu. Mkalimani ameoza zamani, na yeye hanisumbui. Alipenda vigelegele, basi. Hapa Johannesburg mama mmoja wa kanisani kwetu, anakaa Troyeville, amepigwa miale ya mashine ya namna ile. Amerudi mzima, analalamika uji wa hospitali hauna sukari. Nilicheka naye, nikarudi nyumbani, chakula kikanishinda.

Nilimwambia mjukuu wangu haya yote, sombe ikanyauka mezani. Alichukua kalamu. Kisha, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, akasema ataandika kwamba jiwe lilichimbwa na mtu wetu.

"Jina lake nani, Gogo?"

Nikafungua mdomo nitaje la baba. Nikamtajia la mama. Akaliandika chini ya mashine, akaniuliza kama amepatia herufi.