Hadithi za Urefu wa Zipu

Mama yangu hajawahi kumaliza hadithi niliyompa mimi. Nimemletea kutoka maktaba, nimemwachia mezani, kitandani, hata juu ya friji. Anasoma ukurasa mmoja, kisha anakumbuka ana sufuria jikoni. Lakini kwa Fundi anamaliza. Anamaliza na kucheka, halafu anarudi kunisimulia mimi, mwenye shahada ya fasihi, kana kwamba ndiyo kwanza nasikia kuna kitu kinaitwa hadithi.

Fundi ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu. Ana cherehani moja na benchi moja katika chumba kilichobanana na duka la vioo. Shule aliishia la saba. Ukutani amefunga kamba, na kwenye kamba, kwa vibanio vya nguo, ananing'iniza hadithi fupi: kurasa alizokata kwenye magazeti ya zamani na nakala alizotoa fotokopi, kila moja ndani ya mfuko wa plastiki. Juu ya mifuko ameandika kwa kalamu nene: PINDO, ZIPU, KIUNO. Pindo ni dakika kumi na tano. Zipu, nusu saa. Kiuno, njoo umeshiba. Ukileta nguo anaitazama, anakutazama na wewe, anachomoa mfuko. Hakuulizi unapenda nini.

Na ana mtihani wake. Nguo ikiwa tayari anaiweka mapajani mwa mteja. Mteja akiinuka, hadithi inashushwa na haipandi tena. Akisema "subiri kidogo nimalize", inabaki kambani.

Mimi najitolea maktaba. Nilibandika mlangoni orodha yangu: hadithi kumi za kusoma kwa mkao mmoja, kila moja na sababu zake. Naamini kwa moyo wote kwamba mtu asiyesoma ameporwa sehemu ya maisha yake, na niliandika hivyo hivyo, kwa herufi nyekundu. Katika miezi mitatu alikuja mtu mmoja tu.

"Kijana, mnayo ile ya tarishi aliyefungua barua? Nimepewa na Fundi, nataka kuirudia."

Nilimtafutia kwa wivu. Kisha nikamwendea Fundi mwenyewe.

"Shikamoo, Fundi. Hivi ulianzaje mambo haya?"

"Marahaba, msomi. Nilitaka wanyamaze tu." Hakuondoa macho kwenye sindano. "Mtu amekusimamia kichwani, 'bado? bado?' Siku moja nikamtupia gazeti. Kimya! Nikasema, kumbe dawa ni hii."

Nilitaka aseme ukombozi. Akasema kimya.

Ndipo nilipotoa hadithi yangu. Niliiandika mwaka mzima, kurasa kumi na moja, kuhusu mwanamke anayemwandikia mwanawe aliye chuoni barua asizozituma. Jina langu sikuliweka.

"Ijumaa mama analeta gauni lake la bluu, zipu imekufa," nikamwambia. "Mpe hii. Usimwambie ni ya nani. Nataka kujua kama na mimi naweza."

Alhamisi akaniita. Kurasa zilikuwa sita.

"Nyingine ziko wapi?"

"Kwenye ndoo ya vipande. Umemvisha mtoto koti la babake, mwanangu. Kurasa tano nzima unatueleza kwa nini tuhuzunike. Nimepunguza. Neno langu sijatia hata moja. Hutaki, zichukue zote, nitampa nyingine."

Niliwaka. Nikamwambia fasihi si suruali. Akanijibu kwamba suruali angalau watu wanavaa. Nikatoka bila kuaga, nikafika kona, nikarudi.

"Mpe," nikasema.

Ijumaa nilisimama mbele ya duka la vioo, nikijifanya nachagua. Kioo kimoja kikubwa kilikuwa kimeegemezwa nje, na ndani yake nililiona benchi lote, na mama juu yake. Cherehani ilikwenda, ikasimama, ikaenda. Mama aligeuza ukurasa. Fundi akakata uzi kwa meno, akaliweka gauni mapajani mwake.

Mama hakuinuka. Alinyoosha kiganja. "Subiri, shoga. Subiri kidogo." Akasoma hadi mwisho, midomo ikicheza, kisha akafuta macho kwa gauni lenyewe.

Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Ilidumu kama sekunde tatu.

"Wewe una mkono, shoga," mama akasema. "Hujawahi kunikosea. Laiti mwanangu angejua kuchagua kama wewe!"

Nilijikuta ndani. "Mama, ni yangu! Nimeiandika mimi!"

Mama alinitazama, akazitazama kurasa, akamgeukia Fundi kama mtu anayetafuta shahidi.

"Ni yake," Fundi akasema, akitia uzi kwenye sindano. "Mimi nimekunja pindo tu."

"Sasa mbona nyumbani huniletei za namna hii?" mama akaniuliza.

Fundi aliibana hadithi yangu kambani, akaandika ZIPU, akamwita mteja mwingine.

Bado iko pale. Nikipita nikamwona mtu anaisoma, wivu unanipanda upya, maana akimaliza anamshukuru Fundi. Jana nilimpelekea nyingine. Nilikuwa nimeipunguza mwenyewe nyumbani, kwa mkasi, kutoka kurasa kumi na mbili hadi saba, ili asipate cha kukata.

Amekata mbili.