Mawe Jikoni

Juzi, sebuleni kwa mjukuu wangu, niliona samaki wakipita mbele ya ukuta mdogo wa mawe ndani ya tangi la kioo, na nikaisikia tena sufuria ya mama ikigongagonga.

Baba alikuwa fundi wa mawe kwenye shamba la mzungu, chini ya mlima Menengai. Alasiri moja alirudi na gunia la mawe meusi, akaanza kuyachemsha jikoni kwetu. Mvuke ulinuka kama vumbi lililonyeshewa.

Mama Njeri, jirani yetu, akachungulia mlangoni. "Baba Wambui, viazi gani hivyo vyenye kelele?"

"Ni mawe. Ya samaki wa memsahib."

"Samaki? Nakuru hii?" Akaondoka bila kuaga.

Hata mimi sikumwamini baba, maana ziwa letu lilijaa ndege aina ya heroe, samaki hakuna. Na siku hizo, aliyepika kitu kisichoeleweka alishukiwa kwamba analisha watu kiapo cha kuwapiga vita wazungu. Waliochukuliwa na askari hawakurudi upesi.

Askari alifika kabla maji hayajapoa. Baba akabeba mawe yake, akatuongoza hadi kwa memsahib, mke wa yule mzungu. Kweli, samaki wekundu walikuwa wanangoja ndani ya ndoo. Baba akaeleza kwa upole kwamba mawe huchemshwa ili uchafu wake usiwaue, kisha akaanza kuyapanga kama ukuta ndani ya tangi la kioo.

"Kumbe hata samaki hujengewa!" askari akacheka.

Mimi sikucheka. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo. Leo najua mawe yale hayakuwa ya baba; siku ile nilishuku tu kwamba aliwapenda samaki kuliko sisi.