Muzee wa Filimbi

Honorine alimkuta Mwalimu Sylvestre nje ya ua wa tamasha la fanfare, bendi za kupuliza, Kasongo, amesimama juani. Bwana wa protokoli alikuwa amemzuia mlangoni: "Muzee wa filimbi abakie inje. Viti iko ya wanamuziki."

Filimbi. Mtu aliyefundisha klarineti miaka arobaini. Ndimi za klarineti za dukani, vile vibamba vya mdomoni, hazifiki huku, kwa hiyo huzichonga mwenyewe kwa matete ya Nyangwe, na bila ulimi klarineti haitoi sauti.

Honorine aliingia, akachomoa ulimi wa klarineti yake. Wenzake watano wa klarineti nao wakachomoa, wakaenda kumwekea mwalimu wao kiganjani.

Bwana wa protokoli akaja mbio. Wageni wamefika, mbona klarineti kimya?

"Ndimi iko na ule muzee wa filimbi," Honorine alimjibu. "Kamuombe."